Ukihama, Usiache Dawa Nyuma

Sisi watu wa Pwani tunahama sana. Mvua zikikaribia, mtu wa Kibaha hufunga mzigo akaenda kulima kwa wajomba zake Maneromango, wilaya ya Kisarawe. Mwingine hupata kibarua Morogoro au Dodoma. Kuhama si kosa. Lakini je, nyumbani kwako yuko mtu anayetumia dawa za ugonjwa wa akili au za kifafa? Basi soma habari hii polepole, kisha mweleze na jirani.

Mfikirie kijana mmoja. Alikuwa akisikia sauti za watu wasioonekana. Alitibiwa, sasa hajambo. Kila mwezi huchomwa sindano katika hospitali ya Tumbi, Kibaha. Anakwenda Kisarawe kulima. Mwezi wa kwanza bila sindano, hana neno. Mwezi wa pili anapalilia vizuri. Ndugu zake wanasema, "Amepona." Kisha halali usiku. Anaanza kuzijibu zile sauti. Hapo utasikia watu wakisema amerogwa huko shambani, na kamba inatafutwa.

Hakurogwa. Nguvu ya sindano hiyo hukaa mwilini kwa wiki nyingi. Ugonjwa hauji siku ile dawa inapokosekana. Huja baadaye, watu wakiwa wamekwisha sahau. Kifafa hakingoji hivyo. Anayemeza fenobabitoni akiiacha ghafla anaweza kuanguka mfululizo, hata akafa.

Kwa hiyo, kabla ya safari nendeni kliniki. Mwambie muuguzi, "Tunahamia Kisarawe kwa miezi mitano." Mwombe barua yenye jina la dawa, kipimo chake na tarehe ya sindano ya mwisho. Iweke pamoja na kadi ndani ya mfuko wa plastiki, isilowe.

Omba pia namba ya simu ya kupigia. Siku hizi mganga aweza kuzungumza na mgonjwa aliye mbali, hata wakaonana uso katika simu yenye picha. Huko Marekani kuna shida: mganga kwa kawaida huhitaji leseni ya jimbo alipo mgonjwa. Mgonjwa akivuka mpaka wa jimbo, mganga wake huenda akazuiwa kumtibu kwa simu. Kibaha na Kisarawe ni mkoa mmoja, hakuna mpaka wa namna hiyo. Kinachotukwamisha sisi ni karatasi iliyopotea na nauli.

Ukipiga simu, usipigie dukani mbele ya watu. Nenda chini ya mwembe. Na mwache mgonjwa aseme mwenyewe. Yeye ndiye anayejua kama mikono inatetemeka au kama sauti zimerudi.

Lakini simu haichomi sindano, wala haipimi damu. Ukifika Kisarawe, peleka barua hospitali ya wilaya kabla tarehe ya sindano haijapita. Muuguzi wa huko akiwa na shaka, ampigie mwenzake wa Tumbi. Aendaye Dodoma aulizie Mirembe. Aendaye Unguja aulizie Kidongo Chekundu.

Mgonjwa akikesha siku mbili au tatu, akikataa chakula, au akisema anataka kujiua, msingoje simu ipokelewe. Mpelekeni hospitali iliyo karibu, hata kama ni usiku, na mtu mmoja anayemwamini akae naye njia nzima.