Vipande vya Bibi wa Malindi

Alikuja Jumatano asubuhi na mkoba wa ukili, akautua mezani kwangu polepole kama mtu anayetua mayai. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akafunua kanga iliyoufunika. Ndani mlikuwa na vioo: vyekundu, vya buluu, vya kijani, na vichache vya rangi ya asali. Vyote vimevunjika.

"Fundi wa aluminiamu kavishusha kwa nyundo," aliniambia. "Kanambia, bibi, hizi taka. Mie nimevikuta juu ya dirisha lile siku niliyoingia bibi harusi. Hebu nitazamie, mwanangu, pana la kufanya hapa?"

Pana. Hiyo ndiyo kazi yangu hapa Unguja, mwaka wa 12 huu. Natengeneza mapambo kwa vioo ambavyo watu wameshavikatia tamaa: chupa za mvinyo na za manukato, vioo vya luva, chemni za kandili, milango ya makabati ya mabibi zetu. Hutoka taa za kuning'iniza, mapambo ya dirishani, shanga, visahani vya kuwekea udi. Wengi huona kazi yenyewe ni kukata na kuunganisha. Mimi nasema kazi ni kukijua kioo kwanza. Kabla sijaishika almasi ya kukatia, hukaa na kipande mkononi nikakigeuza mwangani, kwa sababu kila kioo kina moto wake kilichopikwa nao, na usipoujua moto ule kitakupasukia.

Nilianza na vyekundu vya bibi. Nilikiinua kimoja nikakitazama ubavuni. Ukingo wake haukuwa na wekundu. Ulikuwa mweupe kama maji, na wekundu wote ulikuwa utando mwembamba upande mmoja, kama malai juu ya maziwa. Rangi nyekundu ya kioo cha zamani hutokana na shaba au dhahabu, nayo hukoza mno. Ukiitia katika unene mzima wa kioo utapata kitu cheusi kisichopitisha mwanga. Ndiyo maana mafundi wa zamani walikivika kioo cheupe ngozi nyembamba nyekundu. Kioo cha namna hii hukatwa kutokea upande wake mweupe. Vile vya buluu vilikuwa buluu mpaka ndani: hiyo ni kazi ya kobalti, na kobalti kidogo sana hutosha.

Anayepita Mji Mkongwe na kuinua macho atakutana na rangi hizi juu ya milango na madirisha ya nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi. Mfano ulio wazi kuliko yote uko mtaa wa Malindi, hukohuko anakokaa bibi, katika jengo la Dispensari ya Zamani linaloitazama bahari. Tajiri Tharia Topan ndiye aliyelianzisha mwaka 1887, akafa kabla halijamalizika. Simama ndani yake jua likiwa upande wa mbele uone rangi zinavyolala sakafuni. Mji huu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na wageni wengi huja kupiga picha milango ya mbao yenye misumari ya shaba. Vioo vilivyo juu ya milango ileile hawavioni. Hata sisi wenyewe hatuvioni, mpaka fundi aje na nyundo.

Katika mkoba ule mlikuwa pia na vipande vyeupe, na bibi alitaka kuvirudisha nyumbani. "Hivi vya kawaida," alisema. Nikakishika kimoja mbele ya macho yake, nikamwambia atazame mti wa mwembe ulio nje. Akakisogeza kidogo, na mwembe ukapinda, ukanyooka, ukapinda tena. Kioo cha dirisha cha siku hizi humwagwa kikaelea juu ya bati lililoyeyuka, kikapoa kikiwa sawa kama maji ya birika. Njia hiyo ni ya Alastair Pilkington wa Uingereza, na ilitangazwa mwaka 1959. Kabla ya hapo vioo vingi vya madirisha vilipulizwa au kuvutwa, navyo vilibaki na mawimbi na vipovu. Fundi wa leo hawezi kuyarudisha mawimbi yale, kwa hiyo mimi siyasugui.

Hapa niseme jambo ambalo husikia kila mara hata kwa mafundi wenzangu: kwamba kioo cha kale kimenenepa chini kwa sababu kioo hutiririka polepole miaka ikipita. Si kweli. Kioo kilichoganda hakitiririki dirishani, hata kikae miaka mingapi. Kilinenepa upande mmoja tangu siku kilipotengenezwa, na fundi mwenye akili akauweka upande mzito chini.

Vioo vya madirisha ya zamani huja mara chache. Chakula changu cha kila siku ni chupa. Chupa za soda na bia hurudi dukani kwa sababu zina amana, lakini chupa za mvinyo za mahotelini hazina pa kurudi. Zilikuja kwa meli, zikanywewa ufukweni, na nyingi huishia dampo la Kibele. Unguja haina kiwanda cha kuziyeyusha. Kiwanda cha Kioo kiko Dar es Salaam, na kuvusha bahari mzigo mzito wenye bei ndogo hakumlipi mtu. Kwa hiyo mizoga hii ya chupa ni yetu, tuipende tusiipende.

Nayo husomeka. Rangi ya kijani hutokana na chuma kilichomo ndani ya mchanga. Rangi ya kahawia ni chuma kilichokutana na salfa na kaboni tanuruni, na ndiyo inayokinga kinywaji na mwanga. Wakati mwingine huletewa kichupa cheupe cha dawa, cha zamani sana, kilichogeuka zambarau hafifu. Zamani walitia manganizi ili kuufuta ukijani wa chuma, na jua likikipiga kwa miaka mingi manganizi ile hujitokeza. Tazama pia mshono ubavuni mwa chupa. Ukipanda mpaka juu ya mdomo, chupa imetoka mashineni, na mashine ya kufyatua chupa bila pumzi ya mtu ilikuja na Michael Owens wa Marekani mwaka 1903. Ukikatikia shingoni, basi mdomo ule umemalizwa kwa mkono. Chupa ya namna hiyo siikati. Huiosha nikaiweka rafuni, na mteja akiitaka nzima nitamuuzia nzima.

Namna ya kukata chupa nilifundishwa na ami yangu, aliyekuwa fundi vioo Darajani. Unaizungusha chupa kwenye almasi mara moja tu. Mara ya pili ndiyo inayoharibu, kwa sababu mstari juu ya mstari huzaa nyufa za pembeni. Sauti ndiyo hukuongoza: ikiwa inasema kwa mfululizo, nyembamba na kavu, mstari umeshika, ikikatikakatika, hujashika. Kisha unamimina maji ya moto juu ya mstari, halafu ya baridi, halafu ya moto tena, mpaka ufa ujifunge wenyewe na chupa iachane vipande viwili kwa mlio mdogo ambao mpaka leo hunifurahisha. Watu hupenda kufunga uzi uliolowa mafuta ya taa na kuuwasha. Nimeona ukingo uliotoka humo, umepinda kama ukingo wa wimbi, na nimeona na vidole vya waliojaribu. Sikushauri.

Kinachofuata ni kusugua, na hapo ndipo siku inapokwenda. Natandaza kioo kinene mezani, nanyunyiza unga wa msasa na maji, nazungusha chupa juu yake, unga wa kukwaruza kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi. Maji hayakauki hata mara moja, kwani vumbi la kioo halifai kuingia kifuani. Miwani sivui. Vipande vya dirishani navizungushia utepe wa shaba kisha navilehemu. Risasi ya kulehemu ni sumu, kwa hiyo kazi ya namna hiyo ni ya kuning'iniza tu, haiwekwi chakula, nami huosha mikono kabla sijamshika mwanangu.

Tanuru nilinunua baadaye, la umeme, dogo, na ndilo lililonifundisha kwa ukali. Mwaka wa kwanza nilichukua kipande cha bakuli la kuokea, lile linalovumilia oveni, nikakilaza juu ya kioo cha dirisha, nikapika mpaka karibu nyuzi 800. Kilitoka kizuri. Nikakisifu, nikakipiga picha, nikamwahidi mteja. Usiku wa pili, saa nane, nikasikia mlio kama risasi ya bunduki. Sahani ilikuwa imepasuka mezani, peke yake, bila kuguswa.

Sababu nilikuja kuielewa polepole. Kila kioo kikipata joto hutanuka, kikipoa hunywea, lakini si kwa kipimo kimoja. Kioo cha dirisha hutanuka karibu mara tatu ya kile cha bakuli la oveni. Nilikuwa nimeviunganisha vingali laini, na vilipopoa kila kimoja kikavuta upande wake, mpaka vikaachana. Tangu siku ile chupa moja huipika na vipande vyake yenyewe. Na hata ikiwa peke yake, haiharakishwi kupoa: karibu na nyuzi 540 nailaza hapo mpaka joto lienee sawa ndani na nje, ndipo naiteremsha hatua kwa hatua usiku kucha. Umeme ukikatika katikati, naomba Mungu.

Afrika ina walimu wengi wa kazi hii. Wakrobo wa Ghana husaga chupa zikawa unga, wakautia katika kalibu za udongo, na kila shimo la shanga husimamishiwa kikonyo cha jani la muhogo. Motoni kikonyo huungua na kuacha tundu. Nilipoisoma habari hiyo nilikwenda nyuma ya nyumba, kwenye muhogo tunaochumia kisamvu, nikavunja vikonyo kumi. Shanga tatu tu zilitoka na tundu zima, nami nimezivaa hadi leo. Arusha iko karakana ya Shanga, ambako mafundi wengi ni watu wenye ulemavu na chupa kuukuu huyeyushwa zikawa vyombo. Kenya, Nani Croze alianzisha kazi ya vioo kule Kitengela, na vioo vya madirisha yaliyovunjwa hupulizwa upya huko.

Ninachokilalamikia ni rangi ya kupuliza. Sokoni utaona chupa imepakwa dhahabu, imebandikwa kamba na kombe, wala hujui tena kama ilikuwa kioo au plastiki. Aliyefanya hivyo ametafuta riziki, nami simlaumu. Lakini mwanga ndio mali ya kioo, na rangi ile imeufungia nje.

Kazi ya bibi ilinichukua wiki tatu. Nilitaka kuacha kipande kimoja cha kijani kilichokuwa na ufa katikati. Akakataa. Ufa ule, alisema, uliletwa na mpira wa mwanawe wa pili, mwaka aliokwenda Maskati. Basi nikauzungushia utepe wa shaba, nikaulehemu kama mstari mmojawapo wa mchoro. Vile vyeupe vya mawimbi nikavipanga ukingoni pande zote, na vyekundu nikaviweka juu, ngozi yao ikitazama ndani.

Nilikwenda mwenyewe kulitundika pambo hilo, saa kumi alasiri, mbele ya dirisha lake jipya la aluminiamu. Jua likaingia, na buluu ikaangukia mkeka. Bibi alikaa kitako akaitandazia kiganja. Baada ya muda akaniuliza kama nilibakiwa na chochote.

Nikamwambia vilibaki vijichembe, havifai kukatwa.

"Niletee," akasema. "Vyote."

Nilimpelekea kesho yake, ndani ya chemni ya kandili niliyoiziba chini kwa kibao.