Usikawie: Saa 72 za Kuzuia Ukimwi

Je, mtu aliyechomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa, au aliyeshikwa kwa nguvu, amekwisha kupotea? Sivyo. Iko dawa ya kuzuia ukimwi, lakini haimngojei anayekawia.

Wadudu wa ugonjwa huu, ambao wengi kwetu huuita sida, hawaenei mwilini mara moja. Kwanza hukaa karibu na mahali walipoingilia. Baadaye huenea na kujificha ndani ya mwili. Ni kama moto katika nyumba ya nyasi: huzimwa ungali mdogo. Kwa hiyo dawa ianzwe siku ile ile, wala zisipite saa 72. Jambo likitokea Ijumaa jioni, mwisho ni Jumatatu jioni.

Basi fanya hivi:

1. Sindano ikikuchoma, osha mahali hapo kwa maji na sabuni. Usikamue, usitie dawa kali.

2. Nenda upesi hospitali au kituo cha afya. Watapima damu yako. Kama huna wadudu tayari, watakupa vidonge.

3. Meza vidonge kila siku kwa siku 28. Kichefuchefu kikikusumbua, mwambie mwuguzi, usiache dawa.

4. Siku hizo ujizuie, au tumia kondomu, hata na mwenzi wako wa ndoa. Upimwe tena baada ya miezi 3.

Mwanamke aliyebakwa apewe pia dawa ya kuzuia mimba, kabla ya siku 5 kupita, na dawa za magonjwa mengine ya zinaa.

Sisi wa Hombo na Walikale tunajua hasara ya kuchelewa. Tangu 30 Julai mpaka 2 Agosti 2010, wenye silaha walibaka watu zaidi ya 300 huko Luvungi na vijiji vya jirani. Msaada wa waganga ulifika baada ya siku kadhaa. Kwa wengi saa 72 zilikuwa zimekwisha.

Lakini si njia mbaya tu inayochelewesha. Aibu nayo huchelewesha. Mama, kosa si lako, usijifiche. Na wewe mzee wa kanisa, ukiletewa habari hii usiku, usianze kuhoji wala kungoja kikao. Tafuta pikipiki na mtu wa kumsindikiza. Maswali yanaweza kungoja, dawa haingoji.