Chagua Gia Kabla ya Kushuka

Ukitoka Kisii kwenda Homa Bay kupitia Rongo na Rodi Kopany, gari linashuka zaidi ya mita 500. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji ya Ziwa Victoria yako mita 1,135 hivi. Mteremko huo hauji kwa mkupuo mmoja. Barabara hushuka, ikanyooka, ikapanda kidogo, halafu ikashuka tena, na mara nyingi huko chini kuna soko, steji ya bodaboda na kina mama wanaouza ndizi kando ya lami. Kwa kuwa hakuna genge la kumtisha, dereva hujisahau, mguu ukakaa kwenye breki toka juu hadi chini. Anayeshuka mteremko mkali wa Kanyamwa kuingia bonde la Lambwe angalau huuona mlima na kujihadhari.

Tupige hesabu. Gari la tani moja na nusu likishuka mita 500, nguvu inayotoka hapo inatosha kuchemsha jerikeni ya lita 20. Upepo na msuguano wa magurudumu hula sehemu yake, lakini inayobaki lazima iende mahali. Ukitegemea breki peke yake, yote huishia kwenye diski na pedi kama joto. Pedi zikiungua hupoteza ushikaji. Joto likizidi, linafika kwenye oili ya breki. Oili mpya ya DOT 3 haichemki chini ya nyuzi 205, ila hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na iliyochakaa inaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Ikichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Unakanyaga, pedali inazama hadi sakafuni, na gari linaendelea na safari yake.

Injini inaweza kuibeba kazi hiyo kutwa bila kuumia. Gari likiwa kwenye gia na umeachia mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Kwenye injini ya petroli mlango wa hewa unakuwa umejifunga, pistoni zinahangaika kuvuta hewa ambayo hazipati, na hangaiko hilo ndilo linalolishika gari. Injini za dizeli kwa kawaida hazitegemei mlango wa namna hiyo, na ndiyo sababu malori makubwa huongezewa breki ya ekzosi.

Kwa hiyo chagua gia ukiwa bado juu, kabla pua ya gari haijainama. Gia ambayo ungeipandia mlima huo ndiyo ya kuushukia: mara nyingi ya tatu, na ya pili pakiwa pakali au gari likiwa limejaa abiria na magunia. Punguza mwendo kwa breki kwanza, kanyaga klachi, rudisha gia, kisha achia klachi polepole. Baada ya hapo mguu usirudi kwenye klachi, maana ukiikanyaga umeitenganisha injini na magurudumu. Injini italia, na wengi huogopa sauti hiyo. Isikutishe maadamu mshale haujakaribia alama nyekundu. Ukianza kuikaribia, kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi, mwendo upungue, halafu uachie kabisa ili diski zipate hewa. Mvua ikinyesha kwenye murram, achia klachi taratibu zaidi, kwani injini hushika magurudumu inayoyaendesha tu na yanaweza kuteleza. Na kwa kuwa taa za breki haziwaki injini inapolishika gari, gusa breki kidogo ukiona aliye nyuma anakukaribia.

Wapo wanaotia gari fri wakiamini wanaokoa mafuta. Salgaa, huko Nakuru, ilipata sifa mbaya kwa malori yanayoshuka hivyo, na tabia hiyo iko kwetu pia. Inaniuma kwa sababu hata akiba yenyewe haipo: gari la kisasa likishuka kwenye gia, kompyuta yake hukata mafuta kabisa, ilhali likiwa fri injini lazima iyanywe ili isizimike. Anayeizima kabisa amejitia hatarini zaidi, kwa kuwa msaada wa breki huisha baada ya kukanyaga mara chache na usukani unakuwa mzito.

Pedali ikishazama, pampu haraka haraka, rudisha gia moja baada ya nyingine, na vuta breki ya mkono kidogo kidogo. Ukifika chini ukasikia harufu ya pedi zinazoungua, egesha mahali tambarare, acha gari kwenye gia na uweke jiwe kwenye gurudumu badala ya kuvuta breki ya mkono. Subiri lipoe lenyewe. Tanboi akija na ndoo ya maji, mzuie: maji ya ghafla hupinda diski ya moto, na wakati mwingine huipasua.