Miguu Kufa Ganzi kwa Anayetumia Dawa ya Kuacha Pombe

Ndugu mkazi wa kambi, kama wewe au mtu wa nyumbani kwako anatumia disulfiramu, dawa ya kuacha pombe ambayo wengine wanaijua kwa jina la Antabuse, habari hii inakuhusu.

Dawa hii haiondoi hamu ya pombe. Inazuia ini lisimalize kuivunja pombe, hivyo ukinywa hata kidogo sumu inajaa mwilini: uso unawaka, moyo unakwenda mbio, unatapika. Inasaidia wengi. Lakini kwa baadhi ya watu, hasa wanaomeza dozi kubwa kwa miezi mingi, inadhuru mishipa ya fahamu.

Dalili huanza kwenye vidole vya miguu yote miwili. Unasikia ganzi, kuchomwachomwa kama sindano, au nyayo kuwaka moto usiku. Baadaye ganzi inapanda kuelekea magotini. Kandambili inavuka mguuni bila wewe kujua, unakanyaga kaa la moto usisikie.

Wengi husema, "Hii ni pombe ya zamani." Ni kweli gongo na lutuku huharibu mishipa, na mlevi asiyekula vizuri hukosa vitamini B1. Kisukari pia huleta ganzi, na vilevile isoniazidi, dawa ya kifua kikuu. Sasa utajuaje? Usibahatishe. Ganzi iliyoanza au kuzidi baada ya kuanza disulfiramu, wakati pombe umeshaacha, ipeleke zahanati mapema. Mweleze daktari ulianza lini, unameza vidonge vingapi, na dawa nyingine unazotumia. Taja isoniazidi na Flagyl hata asipouliza, maana hazipatani na disulfiramu.

Daktari akiisimamisha mapema, mishipa kwa kawaida hupona polepole, kwa miezi. Ila usikimbilie kilabuni siku hiyo! Dawa inaweza kubaki mwilini hadi siku 14, na pombe bado itakudhuru.

Akina mama, tunajua mmechoka, lakini msimwekee mtu dawa hii kwenye uji kwa siri. Akinywa pombe bila kujua anaweza kufa, na miguu ikifa ganzi hatakuwa na la kumweleza daktari.

Mwenye ganzi akague nyayo zake kila jioni kama kuna kidonda, na maji ya moto ayapime kwa kiwiko. Macho yakiwa ya manjano au yakianza kuona ukungu, nenda zahanati siku hiyohiyo.