Kifaransa kitamsaidia mwanao kuingia chuo?

Msimu wa kuchagua masomo unapofika, wazazi wa Kisumu huja na swali moja kwa sauti tofauti: mtoto akisoma Kifaransa au Kijerumani, ataingia chuo kikuu kwa urahisi zaidi? Nyuma ya swali hilo mara nyingi kuna imani kwamba vyuo vinaidai lugha ya kigeni. Vya kwetu havidai. Anayeomba udaktari, uhandisi, uanasheria, uuguzi au biashara katika chuo cha umma nchini Kenya haulizwi kama anajua Kifaransa, Kiarabu wala Kichina.

Imani hiyo imetoka Marekani. Huko wanafunzi wa sekondari hupangiwa miaka ya lugha ya kigeni kwa sababu vyuo vingi huitazama. Mfumo wa Chuo Kikuu cha California, kwa mfano, unataka angalau miaka 2 ya lugha isiyo Kiingereza na unapendekeza 3. Mzazi akiyasoma hayo anashtuka, kisha anamtafutia mwanawe mwalimu wa Kifaransa wa jioni pale Milimani. Anasahau kwamba mtoto wa Kondele au Ahero ana miaka mingi ya Kiswahili darasani, pamoja na mtihani wa taifa na alama iliyoandikwa kwenye cheti. Kwa Mmarekani, Kiswahili nacho ni lugha ya kigeni. Isitoshe, programu ya FLTA ya Fulbright huwachukua Wakenya wenye shahada kwenda kukifundisha katika vyuo vya Marekani. Anayelenga huko afadhali atafute A ya Kiswahili kabla ya kuanza kuhesabu vitenzi vya Kifaransa.

Kuna mahali pamoja, hata hivyo, ambapo lugha ya kigeni ya sekondari ni sharti lisilokwepeka: kuisomea lugha yenyewe chuoni ili kuifundisha sekondari. Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, inamtaka mwalimu wa sekondari awe na wastani wa C+ katika KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, na C+ katika kila moja ya masomo mawili atakayofundisha. Kwa hivyo binti anayetaka kwenda Chuo Kikuu cha Maseno, pale kwenye barabara ya Busia, asomee kufundisha Kifaransa, lazima awe amekifanya KCSE na kukipasi. Asipokuwa nacho, hata akipata A ya wastani haimsaidii kwa kozi hiyo. Uamuzi wa namna hii hufanywa mtoto akiwa na miaka kumi na minne au kumi na mitano, wakati yeye mwenyewe bado hajui kama anataka kuwa mwalimu au rubani.

Kwa wengine wote, lugha ya kigeni ni suala la pointi, na hapa ndipo wazazi na hata walimu wengi huchanganyikiwa.

Katika KCSE, Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu viko kundi la tano la masomo, pamoja na Muziki na Biashara. Zamani wastani wa mtahiniwa ulibanwa na Hisabati, Kiingereza, Kiswahili, sayansi mbili na somo moja la kundi la tatu, kama Historia. Kifaransa kilibakiwa na nafasi moja tu ya kugombania. Kuanzia KCSE ya 2023 hesabu ilibadilika: Hisabati, lugha moja kati ya Kiingereza, Kiswahili na Lugha ya Ishara ya Kenya, halafu masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Kifaransa hakiwezi kushika nafasi ile ya lugha ya lazima, lakini kinaweza kuingia katika yale matano. Mwanafunzi aliyeanguka Kemia na kung'ara Kifaransa sasa analindwa na Kifaransa chake, jambo ambalo kaka yake aliyemaliza 2020 hakuwa nalo.

Ulinzi huo una mpaka. Wastani ndio unaokupa ile C+ ya kuomba shahada. Kozi utakayoitiwa inategemea pointi za klasta, yaani masomo manne ambayo kozi hiyo inayaangalia, yakipimwa pamoja na jumla ya masomo yako saba. Kemia mbovu hufichika kwenye wastani, lakini kwenye klasta ya uhandisi haina pa kujificha.

Tutazame hesabu yenyewe kwa mfano wa kubuni. Kijana anataka uhandisi. Klasta yake inaangalia Hisabati, Fizikia, Kemia, na somo la nne ambalo laweza kuwa Baiolojia au somo lolote la kundi la tatu, la nne au la tano. Ana A- ya Hisabati, A- ya Fizikia na B+ ya Kemia. Kiingereza A-, Kiswahili A-, Historia B-, Biashara B-. Kwa kuwa A ni pointi 12 na kila alama inayofuata inashuka kwa moja, masomo yake manne ya klasta yanafika 40 kati ya 48, na yote saba 70 kati ya 84. Gawanya 40 kwa 48, gawanya 70 kwa 84, zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Unapata 40. Fomula hii ni ya makadirio, ile walimu wa ushauri wanayoitumia. Pointi rasmi ni zile zinazoonekana kwenye akaunti ya mwanafunzi katika tovuti ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo.

Sasa mwondolee Biashara, umpe Kifaransa. Akipata A-, klasta inakuwa 43, jumla inakuwa 73, na pointi zake zinapanda hadi 42.35. Akipata C, Historia ndiyo itakayoshika nafasi ya nne katika klasta, lakini jumla yake itashuka hadi 68, na pointi zitakuwa 39.42. Tofauti kati ya Kifaransa kizuri na Kifaransa dhaifu ni karibu pointi 3. Kozi zinazogombaniwa huamuliwa kwa tofauti ndogo kuliko hiyo.

Kwa hivyo swali la kwanza si lugha gani ina soko. Swali ni nani anaifundisha hapo shuleni. Mtihani wa lugha ya kigeni hauna huruma ya Historia, ambapo mtoto mwenye bidii anaweza kujisomea vitabu peke yake wiki sita za mwisho akaokoka. Kuna kusikiliza sauti iliyorekodiwa na kujibu. Kuna mtihani wa mdomo, ana kwa ana na mtahini. Mtoto ambaye hajazoea kusikia Kifaransa kikisemwa kwa kasi ya kawaida atakaa pale akisubiri neno analolijua lipite. Shule ikiwa na mwalimu mmoja tu wa lugha hizi, naye akihamishwa muhula wa pili, darasa linabaki na vitabu. Kabla hujakubali, nenda shuleni uulize: mwalimu yupo tangu lini? Watahiniwa wa miaka mitatu iliyopita walikuwa wangapi, na walipata alama gani? Darasa linasikiliza rekodi mara ngapi kwa wiki? Mwalimu mkuu asiyeweza kujibu hilo la mwisho amekujibu.

Hayo ni kwa walio kwenye mfumo wa 8-4-4, ambao KCSE yao ya mwisho ni ya 2027. Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na huko mambo yanapangwa kwa njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Lugha za kigeni ziko ndani ya sayansi za jamii, jirani na Fasihi ya Kiswahili na lugha za kiasili, Dholuo ikiwemo. Mwanafunzi ana masomo matatu tu ya kuchagua, mengine ni ya lazima. Matatu ni machache sana. Somo la tatu lisilo na lengo linakula nafasi ambayo ingekuwa ya Fizikia au ya Jiografia. Tena shule haifundishi kila mchanganyiko ulioorodheshwa na Wizara. Inafundisha ile yenye walimu. Chagua shule ukiwa umeshajua inafundisha nini, wala usitegemee kwamba mwalimu wa Kijerumani atapatikana mtoto akishaingia bweni.

Sasa tuje kwa wanaotazama ng'ambo, kwa maana Kijerumani ndicho kinachozungumziwa zaidi siku hizi. Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa uhamiaji wa kikazi mjini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, na tangu hapo kila mtu mjini ana mpwa anayejifunza Kijerumani. Linalopaswa kueleweka ni kwamba alama ya KCSE ya lugha hiyo haikubaliki kama uthibitisho huko. Wanaotoa visa na vyuo vyao wanataka cheti cha kimataifa chenye ngazi, kuanzia A1 ya anayeanza hadi C2 ya bingwa. Mafunzo ya kazi kama ya uuguzi kwa kawaida hudai B1 au B2. Shahada inayofundishwa kwa Kijerumani hudai takriban C1. Ufaransa nayo, kwa shahada ya kwanza inayofundishwa kwa Kifaransa, kwa kawaida inataka B2, na cheti chake cha DELF hakina tarehe ya kuisha. Miaka ya sekondari inakupa msingi wa kuanzia, na ni msingi mzuri. Lakini mtihani wa pili uko palepale, una ada yake, na kwa mtu wa Kisumu mara nyingi una nauli ya kilomita 350 hivi hadi Nairobi.

Kuna jingine ambalo mawakala hawalitaji. Mwenye KCSE kwa kawaida haingii moja kwa moja katika shahada Ujerumani; hupita kwanza mwaka wa maandalizi unaoitwa Studienkolleg. Anayetaka uhandisi huwekwa kwenye kozi inayomtahini Hisabati na Fizikia. Nimeona vijana walioacha Fizikia ili wapate nafasi ya Kijerumani, wakiamini wanajisogeza karibu na Ujerumani. Wamejisogeza mbali. Lugha unaweza kuianza baada ya mtihani wa mwisho, ukaisoma kutwa nzima kwa mwaka mmoja ukafika mbali. Fizikia ya sekondari hairudiwi hivyo.

Kifaransa kwa upande wake kina hoja yake hapa kwetu, nayo haihusu Paris. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, ina makao yake makuu papa hapa Kisumu, na Burundi na Rwanda zimo ndani yake. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitia sahihi kujiunga na Jumuiya tarehe 8 Aprili 2022, ikaleta mamilioni ya watu ambao ofisi zao, mahakama zao na vyuo vyao vinaendeshwa kwa Kifaransa. Mhandisi wa maji, mwanasheria wa biashara au afisa wa forodha anayekijua Kifaransa barabara ana kitu ambacho wenzake wengi wa darasa hawana. Hiyo ni faida ya kazi, hata hivyo, na huja baada ya chuo.

Ushauri wangu kwa mzazi wa mtoto aliye Gredi ya 9 ni huu. Kama mtoto anataka kufundisha lugha au kuisomea chuoni, aichukue sasa, na atafutiwe shule yenye mwalimu wa kudumu. Kama anaipenda na anaifanya vizuri, mwachie. Kama sababu pekee ni kwamba jirani amesema vyuo vinaitaka, mpe somo lingine, na ile ada ya mwalimu wa jioni iwekwe akiba ya mtihani wa B1 akishamaliza shule.