Baiskeli zafufua njia za kondoo Ufaransa, nyingine zapotea kimyakimya

Ukitoka Le Pont-de-Montvert, mji mdogo wa mawe kando ya Mto Tarn kusini mwa Ufaransa, lami inakuacha mapema. Njia inayopanda Mlima Lozère ni ya changarawe na mchanga wa granaiti. Pembeni kuna kuta fupi za mawe yaliyopangwa bila saruji, na upana wake haukupimwa na mhandisi yeyote. Ulipimwa na makundi ya kondoo.

Njia za aina hiyo ndizo zinazotafutwa na waendeshaji wa baiskeli za changarawe. Baiskeli hizo zina usukani uliopinda kama zile za mashindano ya barabarani, ila tairi zake ni nene na gia zake ni nyepesi za kupandia vilima. Mchezo ulikulia Marekani, kisha ukaenea Ulaya. Mwaka 2024 hata Tour de France iliingiza vipande 14 vya barabara za vumbi, jumla ya kilomita 32, katika hatua ya tisa iliyoanzia na kuishia Troyes. Hiyo ilikuwa siku moja tu baada ya Biniam Girmay wa Eritrea kushinda hatua iliyoishia Colombey-les-Deux-Églises.

Milima ya Cévennes iko mbali na Troyes, na haitegemei mashindano. Anayefika huko anafuata njia zenyewe, na akiwa makini miguu yake itamwambia nani aliyezijenga.

Za kwanza ni za wafugaji. Wenyeji huziita drailles. Kwa karne nyingi, kila Juni, kondoo wa tambarare za Languedoc walipandishwa milimani kukimbia joto na kufuata majani, na baadhi bado hupandishwa hadi leo. Draille haizunguki. Inashika mgongo wa mlima na kupanda moja kwa moja, kwa hiyo mwenye baiskeli mara nyingi hushuka na kusukuma. Juu ya Mlima Lozère, ambao kilele chake kina mita 1,699, mawe marefu yamesimikwa kuonyesha njia wakati wa theluji. Katika vitongoji vya chini bado kuna minara midogo ya kengele zilizopigwa wakati wa tufani, ili aliyepotea afuate sauti.

Za pili ni za jeshi, na hizi zina historia chungu. Mwaka 1685 Mfalme Louis wa 14 alifuta Amri ya Nantes iliyowapa Waprotestanti uhuru wa kuabudu. Watu wa Cévennes waliendelea kusali kwa siri misituni. Julai 1702 padri Abbé du Chaila, aliyekuwa akiwatesa, aliuawa Le Pont-de-Montvert, na vita vya Wakamisadi vikaanza. Serikali ilijibu kwa moto: mwaka 1703 vijiji na vitongoji zaidi ya 400 viliamriwa kubomolewa na kuchomwa. Ilijibu pia kwa barabara, kwa kuwa mizinga haikuweza kupita vichochoro vya mbuzi. Barabara ya Corniche des Cévennes, kati ya Florac na Saint-Jean-du-Gard, ina asili hiyo. Leo ina lami, na mteremko wake wa wastani ulikusudiwa farasi wanaokokota mizigo mizito. Ni kejeli ya historia kwamba barabara iliyofungua milima kwa askari ndiyo inayompa mgeni wa leo nafasi ya kupumzisha mapaja.

Za tatu ni za reli. Treni ndogo iliyounganisha Florac na Sainte-Cécile-d'Andorge iliacha kufanya kazi mwaka 1968, na sehemu ya tuta lake sasa ni njia ya miguu na baiskeli. Huko mtoto anaweza kukanyaga pedali bila shida.

Treni haikuondoka bila sababu. Uchumi wa Cévennes ulisimama juu ya miti miwili: chestinati, ulioitwa mti wa mkate, na mforosadi, uliolisha viwavi wa hariri. Katikati ya karne ya 19 ugonjwa uliwaua viwavi, hata Louis Pasteur akaenda Alès mwaka 1865 kuuchunguza. Viwanda vikafungwa, vijana wakahamia mijini. Mkoa wa Lozère, uliokuwa na watu zaidi ya 140,000, leo haufikishi 80,000, na ndio wenye wakazi wachache kuliko mikoa yote ya Ufaransa.

Ndiyo maana mgeni mwenye vumbi miguuni ni mtu muhimu. Robert Louis Stevenson, mwandishi wa Scotland, alipita hapa mwaka 1878 kwa siku 12 akiwa na punda wake Modestine, na mpaka leo maelfu hufuata nyayo zake. Kwa baiskeli kuna njia ya GTMC, takriban kilomita 1,400 kutoka Morvan hadi Bahari ya Mediterania, ikipita Cévennes. Msafiri wa namna hii halali mjini. Analala kijijini na kula kijijini, na akipata hitilafu ya mnyororo anaweza kukaa siku ya pili.

Tatizo liko kwenye umiliki. Njia nyingi za mashambani ni mali ya komuni, ngazi ya chini kabisa ya utawala, lakini sheria huzihesabu kama mali yake binafsi, si kama barabara za umma. Komuni hailazimiki kuzikarabati. Baya zaidi, jirani akiilima njia isiyotumika kwa miaka 30 bila kupingwa, anaweza kudai ni yake. Sheria ya Februari 2022 imeruhusu komuni kuorodhesha njia zake na kusimamisha kwa muda hesabu ya miaka hiyo. Ni nafuu, ingawa kijiji chenye karani wa siku mbili kwa wiki hakiorodheshi haraka.

Kisha ikaja sheria ya Februari 2023. Lengo lake lilikuwa jema: kupunguza nyua za waya zinazozuia wanyamapori. Lakini ililipa fidia upande wa wamiliki. Anayeingia shamba au msitu binafsi uliowekewa alama anaweza kutozwa faini ya euro 135. Katika milima ya Chartreuse, karibu na Grenoble, mabango yalizuka mwaka huohuo kwenye njia zilizotembelewa miaka mingi, na wapanda milima wakaandamana.

Wafugaji wa Kimaasai pande zote za mpaka wa Kenya na Tanzania, ambao mapito yao ya mifugo hukatwa na nyua, hawahitaji kuelezwa jambo hili. Maasai Mara nako baiskeli zimefika: mashindano ya Migration Gravel Race hufanyika huko tangu 2021.

Cévennes, mwenye baiskeli anatakiwa kufunga kila lango alilolifungua. Mbwa mkubwa mweupe anayelinda kondoo dhidi ya mbwamwitu akijitokeza, ashuke, aiweke baiskeli kati yake na mbwa, atembee polepole. Mfugaji aliyeudhiwa ndiye anayeweka bango.