Antena Moja, Bendi Nyingi

Antena ya bendi nyingi hurusha na kupokea mawimbi ya redio katika masafa mawili au zaidi yaliyo mbalimbali. Nchini Tanzania, simu za kizazi cha pili zilianza na megahezi 900 na 1800, kizazi cha tatu kikaongeza 2100, na kizazi cha nne hutumia pia 700 na 800. Bendi ya 700 ilipatikana baada ya televisheni kuhamia dijitali, kazi iliyoanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliinadi bendi hiyo kwa kampuni za simu.

Vilima vya wilaya za Kasulu na Kibondo, magharibi mwa Tanzania, vinaonyesha kwa nini bendi moja haitoshi. Katika kata kama Rungwe Mpya, masafa ya chini hufika mbali na kupinda vizuri zaidi nyuma ya kilima, wakati masafa ya juu yana nafasi pana ya kupitisha data nyingi. Mnara unaotaka kuwafaa watu wote unahitaji yote mawili.

Ugumu uko kwenye urefu wa antena, unaotegemea urefu wa wimbi. Ukigawa 300 kwa megahezi, unapata urefu wa wimbi kwa mita. Wimbi la megahezi 900 lina sentimita 33, na antena ya kawaida ni nusu yake, yaani karibu sentimita 17. Kwa megahezi 1800 inatakiwa takriban sentimita 8 tu. Antena ile ndefu ikilishwa katikati kwa masafa haya ya juu, ukinzani wake hupanda sana na sehemu kubwa ya nishati hurudi mtamboni.

Njia ya kwanza ya kutatua hili ni kuweka vipande vya urefu tofauti pamoja. Ndani ya kasha refu linaloonekana mnarani hupangwa safu za vipande vikubwa na vidogo, kila safu na bendi yake. Njia ya pili ni mtego: koili na kapasita zilizounganishwa sambamba kwenye waya. Kwa masafa ya juu mtego huzuia umeme, nao waya huwa kama umeishia hapo. Kwa masafa ya chini umeme hupita na waya wote hufanya kazi. Mafundi wa simu ya upepo huutumia mtego kwenye antena za megahezi 7 na 14. Njia ya tatu, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, miaka ya 1950, hupanga fito zinazofupika kwa uwiano maalumu, hivyo antena hufanya kazi mfululizo katika masafa mapana.

Kila njia ina gharama yake. Vipande vilivyokaribiana huathiriana, mtego hupoteza nishati kidogo, na kasha kubwa hushika upepo. Kwa hiyo mbunifu hupima kila bendi peke yake, kisha zote pamoja, mpaka nishati inayorudi iwe ndogo katika kila moja.